Kitufe cha Hifadhi na Magunia Kumi na Mawili

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu moja ya Machi 2007, mama mmoja kutoka Mau Narok aliweka mwavuli wake juu ya kaunta na kuniuliza kama kompyuta yangu ilikuwa na chuki naye.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kuhusu mbwa wa nyumba ya watu: huyu huuma, ama hubweka tu? Nilikuwa nimesimama upande wa ndani wa kaunta, kalamu mbili mfukoni, nikingoja kusifiwa. Programu niliyolitengenezea duka lile la mbegu na dawa za shamba, mjini Nakuru, ilikuwa imetumika kwa wiki sita, na nilikuwa na tabia ya kupita pale kila Jumatatu kwa kisingizio cha kuikagua, ingawa hakuna aliyenilipa kukagua.

"Sina neno na wewe, baba," mama alisema. "Lakini siku ile nilioda mbegu ya viazi, huyu msichana aliniambia mimi ni wa kumi na moja. Nikarudi kuuliza, nikaambiwa mimi ni wa ishirini na tisa. Juzi, arobaini na nne. Nikiendelea kuja hivi, hii laini itanifikisha Naivasha."

Karani wa kaunta, mwanamke wa miaka thelathini hivi ambaye sikuwahi kumwona akikosa la kusema, alicheka hadi akaweka mhuri chini. "Mathe, Naivasha ni hapa tu. Huyu injinia akikushika vizuri utafika Mombasa."

"Kompyuta haimjui mtu," nilisema. Nakumbuka nilitumia sauti ya chini, ile ya daktari mwenye majibu ya maabara mkononi. "Haina chuki wala upendeleo. Inajua tarehe tu."

Ni lazima nieleze jinsi nilivyofikia kuwa mtu wa kusema maneno kama hayo mbele za watu.

Kwa miaka mingi nilifanya kazi Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka visima na kusoma geji: presha, joto, presha, joto. Kila saa unaandika unachokiona, hata kama ni kile kile ulichokiandika saa iliyopita. Hasa kama ni kile kile. Anayeacha nafasi wazi kwa sababu eti hakuna kilichobadilika ana makosa, kwani hakuna atakayejua kama alisoma au alilala. Niliipenda kazi hiyo kiasi cha kumtia mke wangu wasiwasi. Nilipoiacha tukahamia Kiamunyi, pembeni mwa Nakuru, nikanunua kompyuta kuukuu na vitabu vitatu vya mtumba vya programu, kimoja kikiwa kimepoteza sura mbili za mwisho, nikajifundisha kutengeneza kurasa za mtandao zenye fomu. Baadaye nilizipata zile sura mbili. Hazikuwa na neno lolote ambalo lingeniokoa. Nilisikitika, kwa sababu nilikuwa nimeziweka akiba kama kisingizio.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwenye duka lile, Mhindi wa kilemba, Kalasinga kama mwenyewe alivyopenda kujiita, mzaliwa wa Nakuru aliyerithi duka kutoka kwa baba yake pamoja na kiti cha chuma ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Shida yake ilikuwa mbegu za viazi. Mbegu safi zilikuja chache, na kila mkulima alizitaka kabla ya mvua ndefu. Enzi za daftari, mjanja alikuwa anaoda magunia mawili ili ashike nafasi, na mzigo ukifika anasema alimaanisha arobaini.

"Fundi, nataka kitu moja tu," mzee aliniambia siku ya kwanza. "Mtu akibadilisha oda, arudi nyuma ya laini. Asiniulize mimi, asimuulize huyu msichana. Kompyuta iamue."

Nikamtengenezea. Kila oda ilikuwa fomu: jina, simu, mahali, idadi ya magunia, maelezo. Kila fomu ilipohifadhiwa, programu iliandika tarehe na saa, na foleni ikafuata tarehe hiyo. Aliyehifadhiwa mapema yuko mbele. Fomu ikihifadhiwa tena, hiyo ni oda mpya, mwenyewe aende nyuma. Stoo ya duka, iliyokuwa barabara ya Njoro, ilifungua ukurasa huo huo kila asubuhi na kutoa mbegu kwa kufuata foleni. Niliona ni kanuni safi. Ilikuwa geji.

Kisha kulikuwa na jambo la stima, ambayo siku hizo ilipotea Nakuru bila kuaga. Mtu anajaza fomu, taa inazima, kazi yote imekwenda. Kwa hiyo siku ya mafunzo nilibandika ukutani, juu ya kompyuta, tangazo la herufi nyekundu nililolifunika kwa plastiki: USIONDOKE BILA KUHIFADHI. Na ili pasiwe na wa kukaidi, sikuweka kitufe kingine chochote kwenye fomu. Nilikuwa nimefikiria kuweka kimoja cha kurudi bila kuhifadhi, nikaona kitawazoesha watu uvivu.

Basi hapo ndipo tulipokuwa saa nne na dakika ishirini, mimi, karani, mama na mwavuli.

"Mbegu yangu ya nyumbani ilishikwa na mnyauko," mama alisema. "Nilitupa yote. Shamba ni la kukodi na pesa ya kodi nimeshatoa. Trekta imepita. Mvua ikishuka na sina kitu, nitapanda nini, huu mwavuli?"

Mawingu yalikuwa yamelala juu ya mlima Menengai tangu alfajiri. Mzigo mwingine wa mbegu ungekuja baada ya Pasaka, wakati shamba la mtu asiye na mbegu lingekuwa limeota majani ya kulisha mbuzi.

"Tutaangalia," nilisema, nikafungua fomu yake na kumsomea kwa sauti. Jina, sawa. Mau Narok, sawa. Magunia kumi na mawili.

"Umewahi kuongeza magunia?"

"Sijaongeza."

"Kupunguza?"

"Nipunguze halafu nikule nini?"

"Kubadilisha simu?"

Alitoa simu yake mfukoni, imefungwa kwa raba ili betri isianguke. "Hii ndiyo simu. Nani angeniibia, nibadilishe?"

Nilibonyeza Hifadhi. Tangazo lilikuwa mbele ya macho yangu, nami ni mtu wa kutii matangazo, hasa niliyoyaandika mwenyewe. Kisha nikafungua foleni nimwonyeshe ilivyo ya haki.

"Sitini na moja," karani alisoma kutoka begani kwangu. "Mathe ameshapita Naivasha."

Katika hali kama hii mtu mwenye akili angesimama na kufikiri. Mimi niliamua kwamba mama amesahau. Nilimweleza, kwa ile sauti ya daktari, kwamba lazima kuna kitu alibadilisha, labda bila kukusudia, watu wengi hawakumbuki. Nikafungua fomu tena ili nitafute alichobadilisha. Sikukiona. Nikabonyeza Hifadhi. Nikarudi kwenye foleni.

"Sitini na moja," nikasema kwa faraja. "Unaona? Sasa imetulia."

Mama alikinyooshea kioo kidole. "Imetulia kwa sababu nyuma yangu hakuna mtu, baba."

Alichukua mwavuli wake. Mlangoni aligeuka. "Jirani yangu alioda siku moja na mimi, akiwa nyuma yangu. Hajarudi hapa hata kusalimia. Ijumaa amebeba mbegu yake. Mimi nimekuwa nikija kila wiki, naamka na giza. Labda ningekaa tu nyumbani."

Alikuwa amenipa jibu zima, limemenywa na kuwekwa kwenye sahani. Nilimwambia asafiri salama.

Karibu saa sita, mwenye duka alitoka ofisini kwake nyuma akiwa na furaha. Rafiki yake wa siku nyingi, mkulima wa ngano aliyetaka kujaribu viazi, alikuwa wa pili kwenye foleni kwa magunia arobaini. Mzee alitaka kumpigia mwenyewe ampe habari njema. Alikaa kwenye kompyuta, akafungua fomu ya rafiki, akasoma namba, akapiga. Walicheka sana kwenye simu. Akamwambia alete lori kesho. Akakata simu, akabonyeza Hifadhi, na kwa kuwa alikuwa na furaha akafungua foleni aliangalie tena lile jina likiwa pale juu.

"Fundi."

"Ndiyo, mzee."

"Nimemwambia mtu alete lori. Alikuwa namba mbili."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa ni sitini na moja. Nimemfanya nini?"

"Kuna kitu umebadilisha, labda umesahau," nilianza, na nikasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka, yale yale, kwa sauti ile ile.

"Nimesoma namba ya simu!" mzee alisema. "Kusoma ni kubadilisha?"

"Boss, hapa ni hivyo," karani alisema bila kuinua macho. "Ukisoma unarudishwa darasa la kwanza."

Nilikaa. Nilikaa kwenye kile kiti cha chuma, na hakuna aliyenifukuza, jambo lililonionyesha sura yangu ilikuwaje. Kila aliyekuja kuuliza habari za oda yake alifunguliwa fomu, akasomewa, na fomu ikafungwa kwa njia pekee niliyoiacha wazi. Programu haikuuliza kama kuna kilichoguswa. Iliandika tarehe mpya na kumpeleka mtu nyuma. Wakulima waliojali, waliokuja kila wiki na mwavuli, walikuwa wanasukumwa na kujali kwao. Waliokaa nyumbani wakanyamaza walikuwa wanapanda juu kama mapovu. Nilitazama foleni. Kwa kuwa mkulima wa ngano ameshuka, mama wa Mau Narok sasa alikuwa wa sitini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akisogea mbele tangu aode.

"Dakika kumi," nikamwambia mzee. "Nitaiambia ilinganishe kwanza. Iliyokuwa ndani na iliyo kwenye fomu. Zikiwa sawa, isiandike kitu."

Mzee alivuta stuli akakaa nyuma yangu kushuhudia dakika kumi.

Niliandika mistari michache. Kwa majaribio niliweka oda yangu mwenyewe, gunia moja, kisha karani akaongeza mteja mwingine nyuma yangu. Nikafungua fomu yangu, nikaisoma, sikugusa kitu, nikabonyeza Hifadhi. Nikaenda nyuma.

"Umebadilisha kitu, labda umesahau," karani alisema.

Nilijaribu tena, na tena nikaenda nyuma. Ilinichukua hadi karibu saa za kufunga duka kuelewa sababu, na zote ila moja zilikuwa kazi ya mkono wangu. Namba ya simu nilikuwa nimeihifadhi kama hesabu, kwa hiyo sifuri ya mbele ilipotea. Kwenye fomu nikairudisha ili ipendeze. Kumbe ndani ilikuwa namba moja na nje ni nyingine. Tarehe ya oda niliionyesha ikianza na siku, ndani inaanza na mwaka. Magunia ndani yalikuwa 12.00, kana kwamba kuna mtu angekuja kununua robo ya gunia, na nje yalikuwa 12. Na kwenye maelezo karani alikuwa na mazoea ya kugonga nafasi moja baada ya neno la mwisho, kama mtu anayepangusa mikono baada ya kula. Mzee na mimi tuliona vitu vile vile. Kompyuta iliona mabadiliko manne, kila mara, kwa kila mtu.

Huwezi kuiuliza mashine kama vitu viwili ni sawa kabla ya kuiambia sawa ni nini. Hilo halikuwa kwenye vitabu vyangu vitatu, au lilikuwa na nikalipita mbio. Nilitengeneza chekecheo moja, nikaipitisha data ya ndani na data ya fomu humo humo: sifuri irudi, tarehe ziandikwe kwa namna moja, magunia yawe namba nzima, nafasi za pembeni zikatwe. Baada ya hapo ndipo nikalinganisha. Nikafungua oda yangu ya gunia moja, nikabonyeza Hifadhi. Maneno yakatokea kwenye ukurasa: Hakuna kilichobadilika. Nikabaki nilipokuwa.

"Na mtu akibadilisha simu pekee?" mzee aliuliza. "Simu ikiibiwa, na viazi vimeibiwa?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikaandika kwamba ni magunia tu yanayomrudisha mtu nyuma.

Lakini foleni yenyewe ilikuwa imeshaharibika. Juu ya tarehe za kwanza nilikuwa nimeandika mpya, wiki sita mfululizo. Kilichotuokoa ni kwamba kila oda, ilipoingia mara ya kwanza, ilipewa namba yake isiyobadilika. Nilikuwa nimeificha isionekane kwenye ukurasa kwa sababu iliharibu mpangilio wa fomu yangu. Tukaipanga foleni upya kwa namba hizo, na waliobadilisha oda kweli tukawasamehe wote. Mama wa Mau Narok akawa wa tatu. Mkulima wa ngano akawa wa tisa.

Mzee aliuliza stoo kumebaki nini, akapiga hesabu kichwani. Kisha akampigia rafiki yake tena. Safari hii hawakucheka sana. "Usilete lori," tulimsikia akisema. "Leta pikapu. Ndogo."

Simu ya mama haikupatikana. Karani alijaribu mara kadhaa. Alisema kule kwa mama mpaka mtu apande mlima ndipo simu ishike. Lori la duka la kupeleka mizigo Mau Narok lilikuwa limeondoka asubuhi ile na lingerudi huko wiki ijayo. Nje, tone la kwanza liligonga bati.

"Mbegu iko," mzee alisema. "Nani atapeleka?"

Alinitazama. Karani alinitazama. Hata lile tangazo jekundu, kwa namna fulani, lilikuwa linanitazama.

Kesho yake asubuhi niliondoka stoo kwa pikapu ya kukodi na magunia kumi na mawili yaliyofunikwa kwa turubai. Kupita Njoro mvua ilikuwa ya kawaida. Nilipoanza kupanda mlima ikawa ya maana. Mahali fulani katikati ya mashamba ya ngano, kwenye ukungu, pikapu ilizama hadi kwenye mabati ya tumbo. Vijana wanne walitokea ghafla, kama kwamba walikuwa wamewekwa hapo kwa kazi hiyo.

"Sasa, mzee. Umebeba nini?"

"Mbegu ya waru," nilisema, nikiviita viazi kwa jina la huko.

"Na unavaa tai?"

Nilikuwa nimevaa tai. Nilikuwa nimefikiri kwamba mtu anayekwenda kuomba radhi kwa niaba ya programu avae tai.

Mama nilimpata ukingoni mwa shamba lake, gunia la plastiki kichwani dhidi ya mvua, akitazama udongo mweusi uliolimwa vizuri na usiokuwa na kitu. Aliiangalia pikapu, akaniangalia mimi na matope yangu.

"Umekuja kuniambia nimekuwa wa ngapi?"

"Wa tatu," nilisema.

"Na hao wawili?"

"Wanapata leo."

"Basi shusha."

Nilishusha. Majirani wakaja na majembe kabla ya gunia la nne. Nilipokuwa nikivuta pumzi nilimweleza yote: kitufe, tangazo, tarehe, kulinganisha, ile sifuri ya mbele. Alisikiliza akiwa anakata kamba ya gunia na kuangalia macho ya viazi kimoja kimoja.

"Kwa hivyo nilikuwa nakuja kuangalia tu, na kila nikiangalia mnaandika nimebadilisha."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Hiyo kompyuta ni kama mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Ukifunua sufuria uone kama imeiva, anasema umeongeza chumvi."

Walicheka wote. Nami nilicheka, ingawa nilikuwa nimetumia wiki sita kuwa huyo mama mkwe. Kufikia jioni mistari ilikuwa imefunikwa yote, na mvua ikaendelea kunyesha kwa adabu, kama mgeni aliyengojwa. Wakati wa kuondoka mama alinitupia mfuko wa minji, njegere mbichi, kupitia dirishani. "Beba. Na usinipigie simu kuniambia umehifadhi."

Jumatatu iliyofuata sikwenda dukani kukagua. Nilikwenda kubandika tangazo jipya, UKISOMA TU, BONYEZA RUDI, na kuweka kwenye fomu kitufe cha pili kilichoandikwa Rudi. Karani alilisoma tangazo, akalibandika chini ya lile la zamani ili, kwa maneno yake, watu waone safari ya injinia. Kisha akavuta mashine ya hesabu.

"Mama amepiga simu kutoka mlimani," alisema. "Eti mvua haijaacha, na hakuna mbegu imebaki kwa gunia. Sasa lete hasara yako, ile uliyolipa mfukoni mwako, tuione."

Nikamtajia. Pikapu, elfu tatu mia tano. Vijana wa kusukuma, mia nne. Plastiki ya tangazo jipya, hamsini. Mfuko wa minji aliupima kwa mkono na kuuthamini shilingi mia tatu, bei ya sokoni, akautoa kwenye jumla. Tai hakuihesabu, alisema hiyo ilishakuwa hasara tangu nilipoinunua. Akanigeuzia kioo cha mashine: shilingi elfu tatu mia sita na hamsini.